Kufuli Lisilofunga Kitu

Mke wa fundi aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta kila kitu ndani ya nyumba kiko wazi. Milango ya kabati imeachama. Droo zimevutwa nje mpaka ukingoni. Sanduku la nguo limekaa katikati ya chumba mdomo juu, kopo la sukari halina kifuniko, na mashati ya mume wake yaliyotundikwa ukutani yamefunguliwa vifungo vyote, hadi vya mikononi. Hata kamba za viatu zilikuwa zimelegezwa. Mtu mwingine angepiga kelele za mwizi. Yeye alijishika kiuno, akashusha pumzi, akajua kwamba mama mkwe wake amepata dawa nyingine.

"Umeamka?" Mama mkwe alichungulia kutoka jikoni, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko. "Usifunge kitu. Huo mkoba wako nimeufungua zipu, uache hivyo hivyo."

"Mama, hii sasa ni nini?"

"Nyumba ikiwa na kitu kilichofungwa, mzazi hafunguki. Ndiyo maana mjukuu wangu ameganda humo. Lakini sitakueleza zaidi, wewe msomi."

Neno "msomi" alilitema.

Mtaani walimwita Mama Haraka, na hakuwa amelipata jina hilo kwa bahati mbaya. Maharage yake aliyaepua yakiwa bado mawe. Watoto wake aliwaachisha kunyonya kabla hawajaota jino. Safari hii alikuwa amewatangazia majirani wote, mlango kwa mlango, kwamba mjukuu atazaliwa kabla ya mwisho wa wiki ile. Wiki ikapita. Mjukuu, ambaye hakuna aliyemuuliza, alikaa alipokuwa. Kwa hiyo Mama Haraka aliaibika, na kwake aibu ilikuwa ugonjwa unaohitaji tiba mara moja. Bahati mbaya tiba yenyewe alipaswa kuinywa mtu mwingine.

Alianza na mananasi, mpaka ulimi wa mkwewe ukachubuka. Zikaja tende, bakuli zima asubuhi na bakuli zima jioni. Ikaja chai ya tangawizi iliyoweza kuondoa rangi ya ukuta, halafu pilipili, halafu kudeki sakafu kwa magoti, halafu kupanda na kushuka ngazi za jengo la jirani huku watoto wa pale wakihesabu kwa sauti. Mwisho yakaja mafuta ya nyonyo, kikombe kizima. Hayo mke wa fundi aliyamwaga kwenye sinki, na sinki lile tangu siku hiyo halijaziba tena.

Hakumheshimu Mama Haraka hata kidogo, na haikuwa siri kubwa. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Kwa miaka aliyosimama nyuma ya kaunta alikuwa amewaona akina Mama Haraka wa kila umbo, wanaokuja kuwanunulia wenzao dawa za magonjwa waliyoyatunga wenyewe, na wote wana cheti kimoja tu: "Mimi nimezaa sita." Kana kwamba mtu aliyeanguka ngazi mara sita ni mhandisi wa ngazi. Yeye alimsikiliza mkunga wa kliniki, mama mnene asiyependa maneno mengi.

"Mtoto mzima, maji yapo, kichwa kiko chini," mkunga alikuwa amemwambia. "Wiki ya arobaini si kosa la jinai. Uje Jumatatu tuangalie."

"Na mafuta ya nyonyo?"

"Utaharisha mpaka uishiwe maji mwilini, na mtoto atabaki pale pale anakushangaa."

Mke wa fundi aliyapeleka maneno hayo nyumbani neno kwa neno. Mama Haraka aliyasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Sasa, siku hiyo ya kufungua, kulikuwa na tatizo moja ambalo nyumba nyingine yoyote isingekuwa nalo. Mume alikuwa fundi makufuli. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake, na ukuta mzima ulijaa makufuli ya watu: mapya, mabovu, yaliyopotelewa na funguo, yaliyosahauliwa na wenyewe. Kwa mujibu wa dawa ya Mama Haraka, hakuna hata moja lililoruhusiwa kubaki limefungwa. Mke wa fundi alipofika mlangoni alimkuta mume wake, mwanamume mzima mwenye ndevu, ameketi sakafuni kama mtoto aliyepewa adhabu, anayafungua moja baada ya jingine na kuyapanga yakiwa yameachama. Fundi yule aliweza kufungua chochote chenye tundu la ufunguo. Kilichomshinda maishani ni kufungua mdomo wake mbele ya mama yake.

Likabaki moja. Lilikuwa jeusi, zito, ukubwa wa ngumi, limefungwa barabara, lakini halikufunga kitu. Si mlango, si sanduku, si mnyororo. Lililetwa kila mwaka na bibi mmoja mwembamba aliyevaa raba nyeupe, mganga mstaafu wa mtaa wa pili, na kila mwaka maagizo yalikuwa yale yale: tia mafuta lisishike kutu, usilifungue. Fundi alitia mafuta, akachukua malipo yake, hakuuliza.

"Hilo hapana, Mama," alisema fundi.

Mke wake aliinua nyusi. Hakuwahi kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mle.

"Hapana nini?"

"Ni la mteja. Alisema lisifunguliwe."

"Mteja ndiye atakayenizalia mjukuu?" Mama Haraka alilinyakua, akalitikisa mbele ya pua ya mwanawe. "Tazama! Kufuli la watu wenye akili hufunga mlango. Hili halina mlango. Sasa kama halifungi mlango, linafunga nini humu ndani kama si tumbo la mkeo?"

Ilikuwa hoja ya kijinga, lakini ilisemwa kwa sauti kubwa, na katika nyumba ile hiyo ilitosha. Fundi alichukua vyuma vyake. Alilichokonoa, jasho likamtoka, akageuza mkono.

Kufuli halikulia kama makufuli mengine. Lilitoa pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyekaa kwenye kiti kibovu safari nzima na sasa ananyoosha miguu. Chumbani ikasambaa harufu ya nywele zilizoungua, na chini yake harufu nyingine, tamu, ya maziwa yaliyochacha. Fundi alilitupa chini. Mama Haraka hakunusa kitu, kwa sababu alikuwa kazini: alisimama katikati ya chumba, mikono juu, kichwa nyuma, anaita.

"Toka! Toka basi! Milango yote iko wazi, nafasi yako iko tayari, sisi tunakungoja! Njoo kwangu!"

Alikuwa anamwita mtoto. Lakini hakumtaja mtoto, wala hakuelekea tumboni alipokuwa akiita. Mke wa fundi, aliyekuwa ameshaanza kucheka, aliacha kucheka. Mtoto wake alikuwa akipiga mateke tangu asubuhi. Wakati ule alitulia ghafla, kama mtu aliyesikia hatua nje ya dirisha.

Watu hupenda kusema majini ni mambo ya usiku. Ni uvivu wa kufikiri. Usiku kila mtu amejiandaa kuogopa. Mchana ndipo nyumba hubaki tupu, na akili za wenyewe ziko sokoni.

Kesho yake mchana Mama Haraka alikwenda kununua tende nyingine, na fundi aliitwa kubadilisha kitasa cha ofisi moja. Mke wake alikuwa amejilaza ubavu. Alisikia kijiko kikikoroga jikoni. Kilikoroga taratibu, bila kugonga kikombe, kwa muda mrefu. Akadhani mama mkwe amesharudi, akafumba macho kwa makusudi ili aonekane amelala, maana hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake ya mwisho.

Hatua zikaja. Kikombe kikawekwa juu ya kimeza kando ya kichwa chake.

"Kunywa, mwanangu," sauti ikasema. "Njia ifunguke."

"Mama, nimeshasema sinywi."

"Kidogo tu. Mimi nitakungoja."

Akafumbua macho, na chumba hakikuwa na mtu. Kikombe kilikuwepo, kimejaa mafuta ya nyonyo hadi ukingoni, yanatoa mvuke. Alikaa kitako akikikodolea macho, na hapo ndipo kilipomjia kilichomsumbua katika ile sauti. Ilikuwa sauti ya Mama Haraka kabisa, mikwaruzo yake na vishindo vyake, ila haikuwa na haraka.

Geti la nje likalia. Mama Haraka aliingia anahema, mifuko miwili mikononi, jua limemchoma, akiwatukana wauza tende.

"Mama," mke wa fundi alimwuliza kwa sauti ndogo, "umetoka saa ngapi?"

"Nimetoka muda tu, miguu inawaka moto. Kwa nini?" Akakiona kikombe, uso ukamng'aa. "Enhe! Umejitengenezea mwenyewe! Si nilisema utanyooka tu?"

Mke wa fundi alikichukua kwa mikono miwili. Alikwenda kukimwaga kile kikombe kwenye sinki, na mafuta yale yalipokuwa yakishuka bombani, kutoka chini kabisa huko, kitu kilicheka kwa dharau.

Alasiri ile alikwenda kliniki bila kungoja Jumatatu. Mkunga aliweka mikono yake juu ya tumbo, akapapasa. Akapapasa tena.

"Juzi kichwa kilikuwa hapa chini," alisema. "Leo amelala upande. Mgongo ameuelekeza kwenye njia, kama anaiziba. Mapigo yake mazuri, lakini hivyo hazaliki. Umekunywa kitu?"

"Sijanywa kitu."

"Nenda nyumbani, chukua mkoba, urudi leo leo nikulaze. Daktari akuone. Uchungu ukikuanza akiwa amekaa hivyo tunaweza kuwapoteza wote wawili, unanisikia? Usikae kusikiliza hadithi za mtu."

Njiani alimpigia mume wake simu akamweleza yote: kijiko, sauti, kikombe, kicheko. Fundi alisikika akikusanya vyuma vyake. Halafu akasema, "Naenda kumtafuta yule bibi," akakata. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mke wake alimwona ana maana.

Nyumbani Mama Haraka alikuwa sebuleni anamenya nanasi. Alisikiliza habari ya mtoto kulala upande, akachezesha mdomo.

"Hawa wakunga wa siku hizi. Mimi nimezaa sita, na wawili kati yao walikuja miguu mbele, hakuna aliyenilaza."

"Mama, humu ndani kuna kitu. Kilikuja na sauti yako."

"Mimba inakupa mawazo. Tena ungekunywa yale mafuta siku ya kwanza..."

"Kidogo tu, mwanangu," ilisema sauti ya Mama Haraka kutoka chumbani. "Hutaumia."

Kisu kilimponyoka Mama Haraka. Alibaki ameshika nanasi kwa mikono miwili, midomo imekauka, anautazama mlango wa chumba ambamo yeye mwenyewe alikuwa akizungumza.

"Nani huyo?" alinong'ona.

"Si ni wewe?" mke wa fundi alinong'ona vilevile, na hata katika hofu ile alishindwa kujizuia. "Unajisikiaje ukisikilizwa?"

Mkoba ulikuwa chumbani, na ndani ya mkoba zilikuwa karatasi za kliniki na nguo za mtoto. Aliingia kwa sababu alipaswa kuingia. Jua la jioni lilikuwa bado limejaa dirishani, kila kitu kinaonekana, na hicho ndicho kilichotisha, kwamba hapakuwa na giza la kulaumu. Alitupia nguo za mtoto mkobani akavuta zipu, na zipu ikarudi yenyewe, jino kwa jino, taratibu. Akaivuta tena, ikarudi tena, na nyuma yake droo aliyokuwa ameifunga asubuhi ikateleza ikatoka, na ya pili ikateleza, na milango ya kabati ikaachama, na vifungo vya gauni alilovaa vikaanza kufunguka kutoka shingoni kushuka kifuani, kimoja, kingine, bila kidole kuonekana, huku ile harufu ya maziwa yaliyochacha ikimjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na joto, joto kama la uso wa mtu anayekuchungulia kwa karibu mno, likaanza kwenye goti lake likapanda pajani na kusimama hapo, linangoja. Na kikombe kilikuwa juu ya kimeza kando ya kitanda, kimejaa, kinatoa mvuke.

"Nimeitwa," sauti ilisema. Sasa haikujisumbua kuwa ya Mama Haraka. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. "Nimeambiwa nafasi yangu iko tayari. Nimekuja, nakuta mtu amekaa. Watu gani nyinyi? Mnamwita mgeni kabla hamjasafisha chumba?"

Mke wa fundi alirudi nyuma. Alijishikilia kwenye kitanda, mkono mmoja juu ya tumbo, akahisi mwanawe amejikunja huko ndani, mgongo mlangoni, anasukuma kwa nguvu zake zote ndogo. Hapo ndipo alipoelewa. Mtoto hakuwa amechelewa. Alikuwa amezuia.

"Kunywa," sauti ikasema. "Ukinywa, atatoka kwa upole. Usiponywa, uchungu utaanza wenyewe, na wewe ukifunguka mimi sihitaji ruhusa ya mtu."

Mate yalikuwa yamemkauka, lakini chuki ya wiki nzima ilikuwa bado mbichi.

"Na wewe pia una dawa?" alisema. "Pilipili nimekula. Sakafu nimedeki. Foleni ya wenye dawa ni ndefu, kakae nyuma ya mama mkwe."

Joto likabana pajani. Halafu kiuno chake kikakaza, kutoka mgongoni hadi mbele, kwa nguvu ambayo hakuwahi kuijua, akatoa sauti ya mnyama. Uchungu ulikuwa umeanza.

Fundi aliingia mbio, na nyuma yake yule bibi wa raba nyeupe, hajaharakisha hata hatua moja. Mama Haraka alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kama nguo iliyotundikwa. Bibi alinusa hewa, akaokota kufuli lake jeusi karakanani, akalitazama lilivyoachama, akamtazama kila mmoja wao kwa zamu.

"Mafuta," alisema. "Nilisema mtie mafuta tu. Neno moja. Hata mbuzi angelielewa."

"Lirudishe humo, bibi," fundi alimsihi. "Tafadhali. Nitalifunga sasa hivi."

"Utalifunga nini, wewe? Jini hili nililitoa tumboni mwa mwanamke nikiwa na nguvu zangu, nikalifungia humu, na siku ile lilikuwa limejiingilia tu, bila kualikwa na mtu. Leo limekaribishwa. Limeambiwa njoo, nafasi iko tayari. Nani alisema maneno hayo?"

Mke wa fundi alipumua kwa meno, mikono imeng'ang'ania shuka.

"Mimi nilikuwa namwita mjukuu wangu," Mama Haraka alisema kwa sauti ya kitoto.

"Ulimtaja?"

Mama Haraka alitikisa kichwa.

"Basi sikilizeni, maana huyu mtoto hana muda wa mabishano," bibi alisema. "Litaondoka kwenye mlango huu kwa njia moja tu, likipewa mahali pengine. Anayekinywa kikombe chake amekubali kulipokea."

"Nitakunywa mimi," alisema fundi.

"Wewe una wapi pa kulilaza? Kaa huko. Halitaki mwingine, linamjua aliyeliita kwa sauti yake."

Uchungu wa pili ulikuja juu ya wa kwanza. Mke wa fundi alihisi mwanawe anateleza, mgongo wake mdogo unalegea, na lile joto linasogea juu kwa furaha. Alilia. Hakuona aibu. "Mtoto wangu," alisema, "jamani, mtoto wangu."

Mama Haraka alitazama kikombe. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyemjua angelitegemea: alikwenda polepole. Alivuka chumba hatua kwa hatua kama mtu anayebeba maji kichwani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka mkono wake uliojaa maji ya nanasi juu ya tumbo la mkwewe, mara moja tu, akauondoa.

Wiki nzima mke wa fundi alikuwa akiomba kimoyomoyo siku moja mwanamke huyu anyweshwe dawa yake mwenyewe. Alikuwa ameiona picha hiyo akideki, akipanda ngazi, akitafuna tende, na ilimpa raha.

"Mama, usinywe," alisema. "Usinywe, Mama. Twende hospitali, labda..."

"Nyamaza wewe, msomi," Mama Haraka alisema, na safari hii neno hilo hakulitema. Alikiinua kikombe. Mafuta yakamchuruzika viganjani. "Njoo hapa basi. Mwache mtoto. Mimi ndiye niliyekuita."

Akanywa. Alikinywa chote bila kupumzika, macho yamemtoka, koo likipanda na kushuka. Droo zikajifunga kwa kishindo. Kabati likajifunga. Joto lilitoka pajani mwa mke wa fundi kama mkono unaoachia, na ndani yake, kwa mzunguko mkubwa uliomkata pumzi, mtoto akageuka kichwa chini.

Mama Haraka alishusha kikombe. Akaweka viganja vyake viwili chini ya kitovu, akaguna kidogo, kama mtu aliyeketiwa.

Alizaliwa msichana, wodini, kabla jua halijapanda, mzima, sauti kama king'ora. Mkunga alisema mambo ya mtoto kugeuka hutokea. Mke wa fundi hakumbishia.

Mama Haraka hakuja wodini. Walipomleta mtoto nyumbani walikuta amehamia chumba cha uani, kile cha kuwekea ndoo. Alikuwa ameketi juu ya kiti kirefu mbali na mlango, mikono ameikalia, gauni limembana mbele. Umri wake ulikuwa wa mwanamke aliyeacha kuhesabu siku zake zamani, na tumbo lake lilikuwa la miezi mitano.

"Usiingie naye," alisema kabla hajasalimiwa. "Simama hapo hapo. Mwelekeze tu huku nimwone."

Mke wa fundi alimwelekeza. Mtoto akapiga chafya. Gauni la Mama Haraka likasogea, kutoka kushoto kwenda kulia, kikageukia mlangoni kitu kilichokuwa ndani yake, na kinywa cha Mama Haraka kikafunguka kikasema kwa sauti ile isiyo na haraka, "Mlete."

Mama Haraka alijipiga kibao mdomoni. Alisimama, akausukuma mlango kwa mguu, akajifungia.

Mke wa fundi alibaki uani, mtoto begani. Alikuwa na maneno mengi ya dharau aliyoyaweka akiba kwa ajili ya siku kama hii, na hakulipata hata moja. Moyo ulimuuma kweli kweli. Mwanamke yule hakutaka kitu kingine duniani ila kumbeba mtoto huyu, na sasa kumbeba ndiko pekee alikokatazwa.

"Ana nywele?" sauti iliuliza kutoka ndani. Ilikuwa yake.

"Anazo, Mama. Nyingi. Zimemshuka mpaka kwenye paji la uso."

"Za baba yake hizo. Na vidole?"

"Virefu. Amekamata kidole changu, hataki kuachia." Akausogelea mlango, akapandisha sauti. "Na ana vishimo mashavuni, Mama. Viwili. Akikunja uso vinatokea."

Kwa ndani Mama Haraka alicheka. Alicheka kwa furaha tupu, kicheko cha bibi aliyepata mjukuu. Na alipokwisha kucheka, nyuma ya mlango ule ule, kitu kingine kikacheka pia.